Uzi Unaokwaruza wa Rafu ya Chini

Claudine na Eric,

Mmeniuliza mara nyingi kwa nini ule uzi wa kusuka wa kijani, mgumu, unaokwaruza vidole, unakaa rafu ya chini kushoto, mahali ambapo mwenye duka yeyote mwenye akili angeweka kitu kinachouzika. Kila mlipouliza nilijifanya nina mteja. Sasa nimestaafu, sina mteja wa kujifichia nyuma yake, na asubuhi zangu zimekuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Nitawajibu, ila nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Habari za mshahara na vyeo sitazigusa. Duka letu halina vyeo, lina funguo, na funguo mnazo nyinyi.

Nilikulia Kigoma, baba yangu akiwa fundi cherehani. Niliporudi Rwanda na kufika hapa Gisenyi, nilikuwa tayari mama wa Diane, na Kiswahili changu kiliwachekesha watu sokoni. Waliniambia naongea kama redio. Mzee Balthazar, mwenye duka, Mungu amlaze pema, yeye alikuwa amerudi kutoka upande wa Goma, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha huku, cha kukata njia. Nilipoenda kuomba kazi aliniuliza najua nini kuhusu samaki. Nikamwambia najua kumla.

"Bon," akasema. "Na uzi?"

Nikamwambia uzi naujua, nimelala juu ya uzi tangu utotoni. Akanikalisha kwenye kiti, mgongo ukiwa umeelekea rafu, akaanza kunipa ncha za nyuzi mkononi, moja baada ya nyingine, bila kuniruhusu kugeuka. Upi mnene, upi mwembamba, upi umekaa juani ukakauka. Nilikosea kadhaa. Alinieleza baadaye kwamba kasha lolote linaweza kujazwa uzi wowote huko linakotoka, na kilo zilizoandikwa juu yake, za uzito ambao uzi utahimili, ni matumaini ya mchapishaji. "Karatasi inadanganya," alisema. "Mukono hapana." Uzi uliokuwa mwembamba sana kwa vidole aliupitisha katikati ya midomo, akafumba macho, akatoa hukumu. Wateja wageni walidhani anauonja.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha nyinyi, ingawa Eric bado anaona haya kuweka uzi mdomoni mbele za watu.

Siku zile tuliuza nailoni tu. Mvuvi wa hapa ana desturi yake ya kununua nailoni, na nyinyi mmeikuta. Anazungusha uzi kwenye viganja viwili, anavuta taratibu, huku anatazama dari. Uzi ukilegea kidogo kisha ukarudi, anasema unapumua, anaulipia. Usiporudi, anasema umekufa, anautupa mezani. Nilikaa miaka mingi nikiwatazama wakivuta, na sikujiuliza hata siku moja huko kupumua kunamsaidia nini mtu akiwa majini. Hilo linanishangaza sasa, maana mimi ni mtu wa kuuliza.

Kisha ukaja uzi wa kusuka. Mzee Balthazar aliuleta kutoka Kampala, bobini chache, za kujaribia, kwa ajili ya watu waliokuwa wameanza kuvua kwa fimbo na mashine ndogo ya kukunjia uzi, ambayo wote tunaiita muline. Ulikuwa mwembamba ajabu kwa nguvu zake. Ukiuangalia kwa karibu unaona nyuzi ndogondogo zimesukana, nne au nane, na ukiuvuta hauendi popote. Mteja wa kwanza aliuvuta kwa desturi yake, akaujaribu kwa nguvu zaidi, ukamkata kidole. Alitazama damu, akanitazama mimi, akasema huu umekufa na unataka kuua wengine.

Wa pili aliununua, akarudi kesho yake na muline mkononi, akiwa na hasira. Alikuwa anazungusha mkono wa mashine na uzi haurudi. Tuliushika wote watatu, tukauchunguza kama watu walioletewa mgonjwa. Muline ilikuwa nzima. Uzi ulikuwa mzima. Mzee Balthazar akaweka kidole juu ya uzi na kuzungusha, ndipo tukaona: uzi wote kwa pamoja ulikuwa unateleza juu ya bobini ya muline, kwa sababu bobini ni chuma laini na uzi huu hauna mvutano wa kuing'ang'ania. Nailoni hujibana yenyewe. Huu hapana. Tangu siku hiyo tunaanza na mizunguko michache ya nailoni chini, tunafungia uzi wa kusuka juu yake. Nyinyi mnafanya hivyo bila kufikiri, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini mjue kwamba siku moja kulikuwa na watu watatu wameinamia bobini, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka, hata yule mwenye hasira.

Fundo nalo lilitusumbua. Lile la zamani la nailoni, la kuzungusha mara kadhaa na kupitisha, kwenye uzi huu linafunguka polepole bila kukuaga. Tulijifunza kuukunja uzi mara mbili kabla ya kuupitisha kwenye tundu la ndoana, kuulowesha kwa mate, na kukaza. Wengine wanaunguza ncha kwa kiberiti ili itoke kitone cha kuzuia fundo. Wakatazeni kusogeza moto karibu na fundo. Uzi huu unayeyuka upesi, na udhaifu wake hauuoni.

Sasa nimefika kwa Mzee Athanase.

Mnamjua kama mzee wa Nyamyumba anayeshuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, akishika bega la dereva. Wakati huo alikuwa bado mgeni wa giza lake. Alikuwa ameishi maisha yake yote kwenye mitumbwi ya sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, mitumbwi ile inayofungwa mitatu pamoja, na alisifika kwa kuimba kuliko wote kwenye kikosi chake. Presha ya macho ilimchukua polepole, kwanza pembeni, kisha katikati. Mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yake, Vestine, alikuwa Kigali na kazi ya ofisini na nyumba yenye chumba cha wageni.

Aliingia dukani, akapapasa meza mpaka akaipata kona yake, akaweka fimbo ya kuvulia na muline aliyonunua Goma.

"Mama Diane, mi natafuta uzi yenye inasema."

"Iseme nini, Mzee?"

"Samaki akigusa, iseme. Mbele nilikuwa naangalia kichwa ya fimbo. Ikitikisika, navuta. Sasa hata fimbo yenyewe siione. Nailoni iko nyamaza tu. Samaki anakula minyoo, anaenda kwake, mi niko hapo kama mujinga."

Nikamuuliza kwa nini asivue na wenzake kwenye mtumbwi. Akasema wenzake wanampenda, ndiyo maana hawataki aingie mtumbwini. Kisha akasema lile lililomleta.

"Vestine anakuja kunichukua. Anasema hawezi niacha peke yangu juu sina kazi. Niende nikae kwa salon ya nyumba yake, niskie televizyo. Kule hakuna maji, Mama Diane. Kuko robinet, bomba tu." Akapapasa fimbo yake. "Nikimuonyesha samaki nilivua mwenyewe, labda ataniskia. Nikikosa, naenda."

Mzee Balthazar alikuwa anasikiliza kutoka nyuma. Alitoka, akamshika Mzee Athanase mkono, akasema, "Bon. Basi tutauliza hizi nyuzi, donc tuone gani inajibu."

Tulitoka uani. Nilifumba macho, nikashika ncha moja ya uzi kati ya vidole viwili. Mzee Balthazar alikwenda mpaka ukutani na ncha nyingine yenye ndoana, akachomoa unyasi mmoja kwenye fagio, akawa anaigusa ndoana nao. Mzee Athanase alikuwa hakimu. Tulianza na nailoni nene. Nilingoja.

"Nimegusa," alisema Mzee Balthazar.

"Sijasikia kitu."

"Nimegusa sana."

Nailoni nyembamba ilileta kitu kidogo, kama kumbukumbu ya kuguswa. Kisha tukafunga uzi wa kusuka. Unyasi ulipogusa ndoana nilishtuka nikafumbua macho, nikidhani Mzee Balthazar amesogea. Alikuwa palepale ukutani. Nikafumba tena. Nilijua anapogusa mara moja, anapokwaruza, anapoacha. Nilijua hata mkono wake ulipotetemeka kwa uzee. Miaka yote hiyo nilikuwa nauza uzi kama sukari, na sikujua kwamba kitu kinaweza kupita ndani yake namna ile. Nilitaka kuendelea hata baada ya jibu kupatikana. Mzee Athanase ndiye aliyenikumbusha kwamba na yeye ana mikono.

Akajaribu. Alitabasamu tu kwa upande mmoja, na Mzee Balthazar akaendelea kugusa ndoana kwa unyasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Lakini kujua ni uzi wa kusuka ni nusu ya kazi, na hapa ndipo nawataka msikilize kama wauzaji. Nilishusha ule bora tuliokuwa nao, wa nyuzi nane, laini, mwembamba, usio na sauti kwenye pete za fimbo. Huo ndio ningempa mtu yeyote. Mzee Athanase aliupapasa, akaurudisha.

"Hii inateleza kama haiko. Ikijifunga, ntajua aje?"

Alikuwa sahihi. Uzi mwembamba sana, ukilegea kwenye upepo, hujikunja kuwa fundo dogo la kishenzi, na mwenye macho huliona kabla halijapita kwenye pete. Nikamletea ule wa nyuzi nne, mnene kidogo, wa kijani. Ule ambao wateja waliulalamikia kwamba unakwaruza na kupiga kelele. Aliupitisha kwenye pete za fimbo yake na ukalia, zzzz. Akauvuta tena, akiwa ameinamisha kichwa.

"Huyu iko naongea njia nzima," akasema. "Naskia kama inaenda, naskia kama inarudi. Ikiwa na fundo, kidole inanieleza. Nipe huyu."

Mnaona basi. Kasoro zote mbili alizitaka. Tangu hapo namuuliza mteja kwanza atafanya nini, ndipo namwambia upi ni bora, na mara nyingi jibu hubadilika njiani.

Nilimjazia bobini, nailoni chini, uzi wa kusuka juu, nikaacha ukingo kidogo bila kujaza mpaka juu kabisa, maana bobini iliyojaa mno humwaga mapindi. Mbele nikamfungia kipande cha nailoni cha urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kwa sababu mawe ya Nyamyumba yana meno na uzi wa kusuka ukisuguliwa kwenye jiwe hauna ubishi. Nilipitisha pamba ndani ya kila pete ya fimbo yake kuona kama kuna iliyopasuka inayonasa. Hakuna. Nilimpandisha kwenye moto nikijisikia mtu mwenye maana.

Alirudi wiki iliyofuata. Alikuwa amechoka.

"Uzi inasema," alisema. "Inasema muzuri. Samaki anakuja, anagusa, naskia, navuta, namushika. Namuskia kabisa, Mama Diane, kichwa yake iko hivi na hivi. Kisha kimya. Kila mara. Na Vestine amepiga simu. Jumapili, misa ikiisha, iko hapa."

Mzee Balthazar aliangalia ndoana, fundo, kipande cha mbele. Vyote vizima. Alikaa kwenye kiti chake na kukuna kidevu. Ndipo nikasema nitakwenda kuona. Wote wawili waligeuka, hata yule asiyeona. Katika miaka yangu yote ya kuuza uzi, ndoana na risasi za kuzamishia, nilikuwa sijawahi kusimama kando ya mtu anayevua.

Kesho yake asubuhi nilishuka Nyamyumba na begi la nyuzi. Alikuwa ameketi kwenye mawe yake, si mbali na yale maji ya moto ambako watu huenda kukanda miguu. Nilikaa nyuma yake. Uzi ulipita juu ya kidole chake cha shahada, na nilimwona anavyosikiliza kwa kidole. Akasema kwa sauti ya chini, "Amefika." Mimi sikuona kitu chochote kimetikisika. Akavuta kwa nguvu, fimbo ikapinda, maji yakachafuka, na mara fimbo ikanyooka. Alipoukunja uzi, kwenye ndoana kulikuwa na kipande cheupe cha ngozi, kidogo kama ukucha.

Nilikitazama muda. Kisha nikaondoa ndoana, nikaizungusha ncha ya uzi kwenye kitambaa changu cha kichwa na kitambaa kwenye ngumi, nikasogea mbali kwenye mawe.

"Mzee, mimi ni samaki. Nivute kama unavyomvuta."

"Yewe, Mama Diane. Utaumia."

"Vuta."

Alivuta, na pigo lote likafika kwenye ngumi yangu, mpaka begani. Nikatoa nailoni ya zamani kwenye begi, nikafunga hiyo, nikamwambia anivute vilevile. Safari hii ulikuwa msukumo tu, kama mtu anayekuita kwa kukushika mkono. Tulirudia, uzi huu, uzi ule. Mama mmoja aliyekuwa anafua alituangalia, akakusanya nguo zake, akahamia mbele kidogo.

Ndipo nikaelewa wavuvi walichokuwa wanakitafuta darini miaka yote. Kule kupumua kwa nailoni ndiko kulikokuwa kunamshika samaki bila kumchana mdomo. Na kwa kuwa nailoni iliifanya kazi hiyo, hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuitumia breki ya muline, ile inayoruhusu uzi utoke kidogo samaki akivuta. Kila muline iliyoletwa dukani kwetu ilikuwa na breki iliyokazwa mpaka mwisho, na mnunuzi aliipimia hapohapo: akivuta uzi na uzi usitoke, muline ni nzima. Na sisi wauzaji tuliwakazia, ili wafurahi. Uzi wa kusuka ulipokuja tukaondoa pumzi, na breki tukaiacha imefungwa.

Nikamwambia tulegeze breki.

"Breki yenye inaachilia ni breki gani?" akauliza. Hakuwa anatania. Kwake ilikuwa kama kumwambia afungue mlango ili mbuzi asitoke.

"Jaribu kwangu kwanza. Mimi si samaki wako?"

Tukarudi kwenye uzi wa kusuka. Alilegeza kidogo, akavuta, ikaniuma. Akalegeza tena. Nilikuwa namwambia bado, bado, mpaka pigo lilipogeuka kuwa msukumo, na muline ikatoa sauti ndogo, krrr, uzi ukatoka kiasi kisha ukashika. Mzee Athanase alisimamisha mkono.

"Ile ni nini?"

"Breki."

"Na yeye anasema?" Akacheka mpaka akalazimika kuweka fimbo chini. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Siku hiyo nilirudi dukani kabla hajapata kitu, kwa sababu samaki hawakuwa wamesikia habari zetu. Jumapili ikapita. Nilikuwa kanisani na sikusikia mahubiri. Niliwaza bobini, niliwaza fundo, niliwaza kama nimelegeza kupita kiasi.

Jumatatu asubuhi, tulipofungua, mwanamke aliyevaa viatu vya mjini alikuwa anangoja mlangoni. Nilimtambua kwa ule mdomo wa Mzee Athanase, wa kutabasamu upande mmoja, ingawa siku hiyo hakuwa anatabasamu. Alisema anaitwa Vestine, akakaa bila kukaribishwa.

Alinieleza kwamba alikuta nyumba imefungwa na sanduku alilomwambia baba yake apange likiwa tupu kitandani. Alimkuta kwenye mawe. Alikuwa amejiandaa kumgombeza. Kabla hajafungua mdomo, baba yake, ambaye alimtambua kwa hatua zake, alimwambia akae, avue viatu, afumbe macho. Akamwekea uzi juu ya kidole.

"Nilikaa tu kumutii," alisema Vestine. "Kisha kitu ikanigusa, Mama. Kidogo sana. Nikamuuliza Papa, ni maji? Akasema, hapana, huyo ni mutu."

Walimtoa wote wawili, tilapia wa kutosha sahani, breki ikisema njia nzima. Baba yake akampata mwingine peke yake, yeye akiwa ameketi pembeni na macho bado yamefumbwa. Alisema hakujua ni saa ngapi walipanda kurudi nyumbani, na kwamba baba yake ndiye aliyeongoza njia, kwa kuwa giza lilikuwa limeingia na njia anaijua kwa miguu.

Kisha akanyanyua kichwa. Alitazama rafu zetu kutoka juu mpaka chini, hayo makasha yote yenye picha za samaki ambao ziwa letu halina. Nilingoja aniambie anaondoka naye saa ngapi. Mzee Balthazar alikuwa anafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mama," alisema Vestine, "nipe bobini ingine ya uzi ya Papa. Ile yenye inakwaruza. Ya akiba." Akaanza kuvaa vizuri kiatu kilichokuwa na mchanga. "Na muweke ingine hapa chini kushoto, mahali mukono yake inafika, ili akikuja mwenyewe asitafute."